Mti Dume Uani kwa Wifi

Bosi wetu wa zamani alipenda rangi nyekundu. Tulimpa jina la Bwana Rangi, na akastaafu bila kulijua. Yeye ndiye aliyetoa amri kwamba kila mti wa shanga wenye matunda upakwe alama nyekundu kwenye shina na ulindwe. Usio na alama haukuwa na mwenyewe. Wachoma mkaa walilielewa hilo haraka, na watafuta nguzo nao walilielewa: penye rangi pita, pasipo na rangi kata.

Mti wa shanga ni jina letu pale kwenye kituo chetu cha misitu. Vitabuni una jina refu ambalo kila mmoja wetu hulitamka kivyake. Una ndugu zake huko nchi za baridi, wenye majani ya miiba, wale wanaochorwa kwenye kadi za Krismasi. Wetu hauna miiba. Ni mti wa msitu wa mvua, majani yake yanang'aa, na matunda yake ni madogo, mekundu, yamebana kitawini kama shanga. Ndege wanayapenda, na watu hawana habari nayo. Mti usioliwa na watu, usiotibu tumbo wala jino, ni nani atautetea? Sisi, tena kwa mshahara.

Sasa, mti huu una jike na dume, na kila mmoja anasimama peke yake. Jike ndiye anayezaa. Dume anatoa maua na chavua, nyuki wanaipeleka kwa jike, basi, kazi yake imeishia hapo, kama baadhi ya wanaume ninaowafahamu. Bwana Rangi hakulijua hilo. Alipaka rangi miti jike yote ya msitu ule na kuiacha miti dume ikatwe. Baada ya miaka, miti yenye rangi ikawa inachanua kila msimu, maua yanadondoka, na matunda hakuna. Ripoti zikaandikwa kwamba miti imezeeka, mara udongo umechoka. Mimi ni mkuu wa kitalu, na kitaluni kwangu kulikuwa na kibao kilichoandikwa "mti wa shanga" kimesimama mbele ya tuta tupu. Wageni wakiuliza, nilikuwa nawaonyesha miche ya kahawa.

Kisha akaja mtaalamu mpya wa mimea, mwanamke mdogo kiumri, mwepesi wa kukwea miti kuliko sisi wote. Tunamwita Daktari. Msimu wa kwanza tu alichukua maua ya miti yote yenye rangi, akayatazama moja moja kwa kioo cha kukuzia, akainua uso.

"Hii miti haijazeeka," akasema. "Haina mume."

Tukatafuta dume msitu mzima. Tulipanda milima, tukateremka makorongo, tukang'atwa na siafu mahali ambapo siwezi kupataja, na hatukupata hata mmoja. Daktari akaanza kuzungumza juu ya mti wa shanga kwa sauti ile ambayo watu huzungumzia mgonjwa aliyerudishwa nyumbani na hospitali.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa wifi yangu kupunguza gauni.

Wifi yangu ni mjane wa kaka yangu. Ni fundi cherehani, na nyumba yake iko mwisho wa barabara, ambapo mashamba yanakutana na msitu. Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana vizuri na kutembeleana kwa nadra. Sababu ni mama yangu, na mama yangu nitamfikia. Siku hiyo wifi alikuwa anapima kiuno changu uani, kwa sababu ndani kulikuwa na giza. Alikuwa na pini mdomoni, mimi nimeinua mikono kama mtu aliyekamatwa, mara vimaua vidogo vyeupe vikanidondokea mkononi. Nikavitazama kwa mazoea ya kazi tu. Ua jike la mti wa shanga lina kidonge cha kijani katikati, ndilo tunda lenyewe likiwa changa. Haya hayakuwa nacho. Yalikuwa na vijiti vinne vyenye unga wa njano.

Nikatazama juu. Mti ulikuwa nyuma ya nyumba, mkubwa, umechanua hadi kileleni, na nyuki wanavuma humo. Nimeshaupita mti ule nikienda msituni mara nyingi kuliko nilivyopita mlango wa ofisi yangu. Lakini haukuwahi kuzaa, na sisi kituoni tulifundishwa kuujua mti wa shanga kwa shanga zake.

"Wifi," nikasema, "huu mti!"

"Simama vizuri utachomwa," akasema. Akatoa pini mdomoni. "Huo unakatwa Jumamosi. Nimeshaelewana na mtu wa msumeno."

Nikamweleza yote papo hapo, gauni likiwa limening'inia na pini: Bwana Rangi, alama nyekundu, miti jike inayochanua bure, Daktari na kioo chake. Nikamwambia kwamba huu ndio mti dume pekee tunaoujua duniani, na kama anataka mwanga chumbani mwake, sisi tutakuja kumpunguzia matawi, kama anataka kujenga tutamchimbia msingi upande wa pili, tutamfanyia lolote.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikaanza kucheka naye kabla sijaona kwamba macho yake yamejaa machozi.

"Kwa hiyo ile miti yenu haina ubovu wowote," akasema.

"Haina."

"Ilikuwa inasemwa tu."

Sasa na mimi nilikuwa nimeelewa tunazungumzia nini.

Lazima nieleze, ingawa sipendi. Wifi na kaka yangu waliishi pamoja miaka mingi na hawakupata mtoto. Kaka alikuwa dereva wa lori, mpole, mcheshi, kipenzi cha mama yetu. Mama hakumlaumu yeye. Alimlaumu mkewe, na mama yangu akilaumu hanong'oni. Alikuwa akija hapa kumtembelea mwanawe, anakaa uani, anautazama mti huu usiozaa, halafu anawaambia majirani, "Nyumba hii imekamilika, tasa ndani na tasa nje." Watu wakacheka. Maneno yakazunguka mtaa mzima, na watoto wakayaokota. Na kaka alipofariki, mbele ya waombolezaji wote, mama alimwambia wifi kwamba amemmaliza mwanawe bila hata kumwachia wa kumrithi jina.

"Unadhani naukata kwa ajili ya mwanga?" wifi akaniuliza. "Mwanga ningetoboa dirisha. Nimeoga, nimefua na kushona chini ya mti huu nikiitwa jina lake. Nimengoja nibaki peke yangu na nyumba yangu niuondoe."

"Wifi, hata usingekuwa dume, lile neno halikuwa haki."

"Najua halikuwa haki. Mimi na kaka yako tulikwenda kupimwa. Daktari wa hospitali alitueleza wote wawili, tumekaa bega kwa bega. Mimi sikuwa na tatizo. Kaka yako alinishika mkono njia nzima ya kurudi, akaniomba nisimwambie mtu yeyote. Sikumwambia mtu. Alipokuwa hai sikusema, na alipokufa nikaona nikisema sasa, watu watasema namsingizia marehemu asiyeweza kujitetea."

Nilimpenda kaka yangu, na nilikuwa nimesimama nimevaa gauni la nusu, nikimwonea hasira mtu aliyekwisha kuzikwa.

Wifi akachukua tena utepe wake wa kupimia. "Unautaka mti," akasema. "Mimi nataka kitu kimoja. Nenda ukamwambie mama yako. Umwambie wewe, kwa mdomo wako, maana wewe ni mwanawe, hutasemwa kwamba una chuki. Jumamosi uje uniambie amesema nini. Nikisikia, ndipo nitajua la kumwambia mtu wa msumeno. Geuka nipime mgongo."

Nilirudi kituoni nikamweleza Daktari habari za mti, nikaacha za mama. Aliruka kwa furaha, kisha akakaa chini niliposema Jumamosi. Kiwanja cha wifi kiko nje ya mpaka wa msitu. Sheria yetu inaishia kwenye mtaro. Kuomba zuio kungechukua miezi.

"Wakiukata si tutachukua matawi yenye maua?" nikauliza. "Tuyapeleke kwa miti jike?"

"Kwa mwaka huu, ndiyo," Daktari akasema. "Tutapata mbegu za msimu mmoja. Mbegu zenyewe zinalala ardhini mwaka, hata miwili. Nyingi zinaoza. Zikiota, hatutajua ipi dume mpaka ichanue, na hiyo ni miaka mingine. Panya wakitangulia, basi. Tukitegemea msimu mmoja tunacheza kamari. Mti ukibaki, tunarudi kila mwaka."

Akaniuliza kama wifi yangu ni mtu wa kuombeka. Nikamwambia wifi hana shida, shida iko nyumbani kwangu, na inakula vizuri.

Mama anaishi na mimi. Nyonga imemwisha, anatembea kwa kushika kuta, lakini ulimi haujapata hata baridi yabisi. Nilimkuta mchana anachagua mchele kwenye ungo. Nilikuwa nimejiandaa kuzunguka mbuyu, nikaona nitachoka bure. Nikakaa mbele yake nikamwambia. Kwamba wifi hakuwa tasa. Kwamba walikwenda kupimwa, na ilikuwa kaka.

Vidole vyake havikusimama. Akatoa kijiwe, akakitupa.

"Nilijua," akasema.

Nilidhani hakunisikia. "Mama, nimesema tatizo lilikuwa kwa kaka."

"Nami nimesema nilijua. Alipokuwa kijana alipata matubwitubwi, wewe ulikuwa mdogo. Mashavu yalivimba, halafu ugonjwa ukashuka chini. Alilala wiki nzima hawezi kuvaa suruali. Mganga mkuu wa hospitali akaniita pembeni, akaniambia mama, huyu huenda asipate watoto."

"Na ukanyamaza?"

"Ningemtangaza? Nani angempa mke?"

"Sawa, hukumtangaza. Lakini mkewe ulimtangaza!" Nilikuwa nimeinuka bila kujua. "Kila mahali! Msibani, mama! Mume wake yuko kwenye jeneza!"

"Watu lazima waseme," mama akasema. "Nyumba isiyo na mtoto lazima isemwe. Nikaona bora wamseme mtoto wa mwenzangu kuliko wamseme wangu. Mimi nikisema kwanza, kwa sauti, hakuna atakayetazama upande wa pili." Akapepeta ungo kidogo, pumba zikaruka. "Na ilifanya kazi. Mwanangu amekufa akiheshimiwa."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mama yangu aliuficha uchi wa mwanawe kwa kumvua nguo mke wa mwanawe, na alikuwa ananieleza kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika. Nilitaka kuupiga teke ule ungo, na sikuwahi kumwinulia mama yangu hata sauti kabla ya siku ile.

Alipoona nimesimama tu, akauliza mambo haya yametoka wapi. Nikamweleza habari za mti na sharti la wifi. Mama si mjinga. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi mwambie nimeshtuka. Mwambie nimelia, nimesema sikujua, nimeomba msamaha. Atafurahi, utapata mti wako, na hakuna atakayeumia."

Aibu yangu ni kwamba nililiona ni wazo zuri. Siku zote hadi Jumamosi nilikuwa nalo. Nililipika, nikalionja. Uongo wenyewe ulikuwa wa huruma: wifi angepata machozi aliyoyangoja, msitu ungepata dume, mama angekufa na heshima yake. Ukweli ungempa nini? Ungemwambia kwamba hakusemwa kwa kutojua, bali alisemwa kwa makusudi, na mtu aliyejua. Mtu akiambiwa hivyo akiwa amesimama karibu na msumeno, mimi ningekuwa wa kwanza kuelewa akiuwasha mwenyewe.

Jumamosi asubuhi tulifika na gari la kituo, Daktari akiwa na ndoo nyuma tayari kwa lolote. Mtu wa msumeno alikuwa ametutangulia. Alikuwa anazunguka shina, akiangalia uangukie upande gani. Nyuki walikuwa kazini. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na utepe shingoni.

"Ulimwambia?" akauliza.

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

Nilikuwa na sentensi mbili mdomoni. Nikautazama mti, nikamtazama yeye. Mwanamke huyu alikuwa ameshafichwa mambo na watu wa ukoo wangu kiasi cha kutosha.

"Alisema alijua," nikasema. "Alijua tangu kaka akiwa kijana, kabla hujaolewa. Alikusema wewe ili kaka asisemwe. Aliniambia nikudanganye kwamba amelia. Hakulia."

Wifi hakusogea. Daktari, ambaye hakuwa na habari ya lolote, alishusha ndoo polepole chini.

"Mama," mtu wa msumeno akasema, "niwashe?"

Wifi akavua utepe shingoni, akaukunja.

"Mama?"

"Zima," wifi akasema.

"Bado sijawasha."

"Basi uache hivyohivyo. Nenda nyumbani. Samahani kwa usumbufu." Akanigeukia. Uso wake ulikuwa mkavu, na nilimwogopa. "Nilikuwa nauchukia mti nikidhani mama yako alipita tu, akauona, akasema. Kumbe aliutafuta. Angekosa mti angetumia jiwe, au kuku. Mti haujanikosea kitu."

Nikalia mimi. Mtu mzima, sare ya kazi, mbele ya Daktari. Nilimwambia wifi kwamba namwonea uchungu na naona haya, na kwamba mama ni mama yangu na sijui nitamtazamaje. Akaniacha nilie. Kisha akaingia ndani akatoka na mkasi wake mkubwa wa nguo, ambao fundi yeyote wa cherehani hawezi kukubali ukate hata karatasi, akamkabidhi Daktari.

"Chukueni maua mnayotaka," akasema. "Msiharibu umbo."

Tulikata matawi tukayatia kwenye ndoo za maji, tukaenda nayo msituni tukizifunga ndoo kwa kamba kwenye miti yenye rangi nyekundu, moja moja, kama watu wanaopamba ukumbi. Kabla hatujateremka, nyuki walikuwa wameshaanza safari zao kutoka kwenye ndoo hadi kwenye mti. Na maua jike yalishika. Nalisema hapa ili nimalize habari za miti: majuma machache baadaye Daktari alinipigia simu akiwa juu ya tawi, akipiga kelele kwamba vidonge vya kijani vimenenepa na havidondoki. Tuta langu lina mbegu sasa. Kila msimu tunarudi uani kwa wifi na ndoo, naye hutupangia foleni na wateja wake.

Lakini siku ile ya Jumamosi, tulipomrudishia mkasi, wifi alinishika mkono.

"Mwambie mama yako nakuja kesho," akasema. "Na mwambie kabisa, asije akashangaa mbele ya watu. Shikamoo simpi."

Miaka yote ile, hata msibani, wifi hakuwahi kumpita mama bila kuinama na kumwamkia. Nilimfikishia mama ujumbe kama ulivyo. Nilitegemea matusi, hayakuja. Chakula alikigusa tu. Asubuhi nilimkuta ameshajivuta mwenyewe hadi barazani, amevaa nguo yake ya kutokea, ameketi anatazama njia.

Wifi alikuja kabla jua halijawa kali. Alipanda ngazi mbili za baraza, akasimama mbele ya mama, mikono pembeni, kichwa juu. Hakuinama. Hakuamkia. Mimi nilikuwa mlangoni, na sikujua nikae au nikimbie.

Mama akashika ukuta. Akajikongoja mpaka akasimama, nyonga ile ikimtia jasho, na alipomaliza kusimama akainamisha kichwa mbele ya mke wa mwanawe.

"Shikamoo, mwanangu," mama akasema.

Wifi hakuitikia. Akavuta kigoda, akakaa.